Herufi Zinazokimbia za Chin-fa

Tu Chin-fa hakuwahi kukimbia maishani mwake, hata mvua ilipomkuta katikati ya daraja. Ndiyo maana mkewe, Yueh-o, hakuelewa ni pepo gani lililomfanya azipende herufi zile za mlazo: nene kama mapaja ya wanamieleka, zilizoinamia kulia kana kwamba zimechelewa harusi. Katika karakana yake ya mabango pale mjini Chiayi, Chin-fa alizitumia kwa mafundi pikipiki, wasafirisha vifurushi na timu ya besiboli ya shule. Huko zilistahili, zilipiga kelele, na mtu aliweza kuzisoma akiwa mwendoni. Lakini alizitumia pia kwa duka la majeneza, na, baya zaidi, kwa mkahawa wa mkewe wa wali wa bata mzinga.

"Baba Pei-shan, wateja wangu wakisoma lile bango wanakula kama wanafukuzwa," Yueh-o alimwambia. "Nisimamishie herufi zangu."

"Zikisimama zitaonekana zimelala."

"Mbona wewe unasimama kutwa na bado unaonekana umelala?"

Kaka yake Yueh-o, Shih Mu-huo, alipogombea uenyekiti wa mtaa, wanandoa hao wakawekeana sharti: Mu-huo akishinda, bango libaki lilivyo, akishindwa, herufi zisimame, na Chin-fa asinung'unike.

Chin-fa akalipamba gari dogo la kampeni kwa ajili ya msafara wa siku ya mwisho. Ubavuni kulia, kama ilivyo desturi ya maandishi ya Kichina kwenye magari, jina lilianzia kichwani mwa gari kuelekea mkiani, likisomwa kutoka kulia. Herufi ziliegemea mbele kwa ushujaa hata Mu-huo akajipapasa tumbo akidhani limepungua. Ubavuni kushoto Chin-fa akabandika stika za mtindo uleule, nazo zikianzia kichwani, kisha akaenda kunywa chai.

Msafara ulipofika sokoni, mama mmoja muuza samaki aliyekaa upande wa kushoto wa barabara akaweka kisu chini.

"Mzee Shih, gari linakuja sokoni, jina linarudi nyumbani. Umesahau meno?"

Watu wakacheka. Mu-huo, aliyesimama nyuma garini na kipaza sauti mkononi, akasahau kukizima.

"Shemeji, jina langu lina nini?" mtaa mzima ukasikia.

Chin-fa akashuka garini, akatazama. Kila herufi ilikuwa imeegemea nyuma, kama abiria wa gari lililoondoka ghafla.

"Limeinama, shemeji."

"Limeinamia wapi?"

"Mkiani."

"Dereva, rudi kinyumenyume," akaamuru Yueh-o kutoka kiti cha mbele.

Gari likarudi nyuma. Upande wa kushoto ukanyamaza. Upande wa kulia ukaanza kucheka. Chin-fa alisimama katikati ya barabara akijiuliza kama kosa lilikuwa la mikono yake, au kama miaka yote hiyo alikuwa ameipenda kasi bila kuuliza inaelekea wapi. Gari lilikuwa likimjia, ikabidi asogee. Alisogea taratibu.

Mu-huo akashindwa.

Asubuhi iliyofuata, kama wafanyavyo wagombea wote, walioshinda kwa walioshindwa, alitakiwa kuzunguka mtaani kuwashukuru wapiga kura. Chin-fa akamletea stika mpya zilizoinamia kushoto.

"Ziache hizo za zamani, shemeji," Mu-huo akasema, akipanda garini. "Leo kweli narudi nyumbani."

Yule mama wa samaki alimpungia mkono kwa heshima, kisu kikiwa bado mkononi.

Mchana Chin-fa akasimamisha herufi za mkahawa, akavuka barabara kuzitazama. Wateja walikula polepole. Mmoja aliomba hata supu ya pili. Yueh-o akatoka, akamkuta mumewe ameinamisha kichwa upande.

"Nini tena? Bango limepinda?"

"Limenyooka."

"Sasa?"

"Nalisoma," akasema Chin-fa, shingo yake ikizidi kulala.