Kosa la printa nililomtupia Mama Rehema

Leo nimemfokea mama wa watu kwenye simu bila hata shikamoo.

Niko Ulemo, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Programu yangu ya kupima magunia na kutoa risiti ikiwaka inapakia kwa pamoja maktaba mbili za msimbo, yaani vifurushi vya maelekezo ya kompyuta vilivyoandikwa tayari: ya mzani, aliyoandika Mama Rehema wa Singida mjini, na ya printa, niliyoandika mimi.

Asubuhi ikagoma. Skrini ikasema: "Mzani: maktaba haikupakiwa."

Wakulima wamekaa juu ya magunia, wananitazama. Nikampigia, nikaweka spika, nionekane najua kazi.

"Mama Rehema, maktaba yako imetuangusha."

"Salama lakini, mwanangu?"

"Si salama. Irekebishe."

Nikakata. (Ndiyo, nilikata.)

Ndipo nikakagua.

Maktaba zote mbili nilizitengea sehemu moja tu ya kuandikia makosa. Iliyokwama ni printa, ikaandika kosa lake pale. Kazi ya mzani, yaani kipande cha programu kinachosoma uzito, ambayo ilishafungua maktaba yake vizuri, ikapita kukagua, ikalikuta, ikadhani ni lake.

Na printa ilikwama kwa sababu jana nilihamisha faili lake. Mimi mwenyewe.

Nikarudisha faili, nikaipa kila kazi sehemu yake ya makosa. Programu ikawaka.

Nikampigia tena, kwenye spika vilevile, maana waliosikia nikimfokea walikuwa palepale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo ni ya asubuhi. Ya sasa iko wapi?"

Magunia yote yakacheka. Nikampa na ya pili: "Shikamoo tena, Mama. Kosa lilikuwa langu."