Ukuta Aliokandika Mama

Siku hiyo kwenye msikiti wa zamani wa Kajiado tulikuwa watu watano. Kulikuwa na imamu, ambaye babake ndiye alinisomesha alifu nikiwa mtoto. Kulikuwa na fundi wa kutoka Mombasa, aliyeitwa na kamati kwa sababu amezoea kutengeneza misikiti ya kale. Kulikuwa na wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, na mjukuu wangu wa kike aliyenileta kutoka Noonkopir. Na mimi. Majina yao yote niko nayo, hata ya babu zao, lakini wifi amenikataza kuyaandika.

Msikiti wenyewe ni mdogo, wa mawe. Siku hizi Ijumaa watu wanaswalia nje kwenye jua, ndiyo kamati ikaamua ukarabatiwe na upanuliwe upande wa nyuma. Ukuta wa nyuma ungetobolewa milango, na upande wake wa nje sasa ungekuwa ndani ya ukumbi mpya.

Ukuta huo ulikandikwa na mama yangu. Mama alikuwa Mmaasai wa kule Isinya, akaolewa na baba aliyekuwa anauza ngozi, akasilimu. Kwa Wamaasai kukandika nyumba ni kazi ya mwanamke, kwa hivyo msikiti ulipoanza kupitisha upepo hakungoja fundi. Mimi nilimletea maji. Mama hakuacha picha hata moja. Aliacha huo ukuta.

Fundi alipobandua simiti iliyopakwa baadaye upande wa nje, alikuta udongo wenye nyasi nyasi.

"Bibi, kwetu Mombasa, mahali kama hapa ningekuta chokaa," akaniambia. "Hiki kimechanganywa na nini?"

Wifi akadakia. "Mmaasai anakandika na nini, mwanangu? Na mavi ya ng'ombe."

Imamu akavua miwani. Akasema hiyo ni najisi, na kama imo pande zote mbili, kamati itataka ukuta ubomolewe.

"Tusibomoe kwa kukisia," nikasema. "Mavi yakilowa yananuka, hata yakae miaka. Leta maji."

Mtoto yeyote aliyelala nyumba ya Kimaasai mvua ikinyesha anajua harufu hiyo. Fundi akatia bonge la upande wa nje kwenye karai la maji, tukainama wote kama ng'ombe kwenye birika la kunyweshea. Mjukuu wangu peke yake alirudi nyuma. "Shosho, mimi niko sawa hapa."

"Ni ng'ombe," wifi akasema, "tena alikuwa ameshiba."

Fundi akaosha karai, akaweka maji mengine, akabandua bonge la upande wa ndani. Tukanusa. Tukanusa tena. Ulikuwa udongo tu.

"Hii ni kichuguu," wifi akasema polepole. "Kichuguu na majivu."

Kumbe mama alitenganisha. Nje alikandika kama nyumba, kuzuia mvua. Ndani, mahali pa kuswali, aliweka kilicho safi. Mimi majivu siyakumbuki kabisa, nakumbuka maji tu.

"Nani alimfundisha?" imamu akauliza.

"Si mumewe," wifi akasema. "Huyo hata uji alikuwa hajui kukoroga."

"Labda babako," nikamwambia imamu.

"Hakuwahi kuniambia," akasema, na akaendelea kuangalia lile karai.

Akaamua nje ikwanguliwe mpaka kwenye jiwe, mawe yaoshwe, ukuta ubaki. Nikamwomba fundi asipake chokaa kile kipande cha ndani kando ya mlango, ambapo vidole vya mama vimechora mizunguko. Akakiacha. Nikienda naweka vidole vyangu hapo, na bado najiuliza ni nani alimwambia, au kama alijiamulia mwenyewe.

Kama wazee wako walikaa Kajiado nyakati hizo na walimsikia mtu akimfundisha, niambie. Na kama nimekosea, kwa mfano kama ni imamu aliyetambua kichuguu wala si wifi, nisahihishe, lakini wifi asisikie.