Mswaki Uliolowa

Nikisikia harufu ya pilipili mbuzi, ulimi wangu hukimbilia pengo la gego la chini.

Gego hilo lilitoboka tukiishi Gongo la Mboto. Niliogopa mama akiliona litang'olewa, na kupiga mswaki kuliamsha maumivu yake. Kwa hiyo kila asubuhi niliulowesha mswaki bombani, nikalamba dawa ya meno kidogo ili ninukie. Mama aliugusa mswaki, akanitazama.

Asubuhi moja alikuwa akikatakata pilipili.

"Umepiga mswaki, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile pilipili niliyoupaka, haikuwasha?"

Darasani nilikuwa wa kwanza, kwa hiyo nilifikiri haraka. "Iliwasha kidogo."

"Mie sijapaka kitu. Hebu fungua mdomo."

Leo binti yangu ametoka bafuni na mswaki unaochuruzika maji. Nimeugusa, kisha nikamuuliza kama pilipili niliyoupaka imemwasha.

"Pilipili gani, baba?" akajibu, mkono umeziba mdomo.

Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Nikamwambia aondoe mkono, afungue mdomo.