Nguo Inayokua na Mtoto

Nilipoanza kushona Homa Bay, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nilitaka kitu kimoja tu: tajiri wangu aseme "vizuri". Alikuwa Mwislamu kutoka pwani, mwenye duka la nguo, na sisi mafundi wawili tulikaa na cherehani zake kwenye varanda. Kusifu hakukujua. Alichukua nguo, akaigeuza ndani nje, akatazama mshono, akairudisha. Basi.

Siku moja akasema atafungua duka Migori, na mmoja wetu ataenda kulishika. Nyumbani kwetu ni huko, na mama yangu alikuwa anaishi peke yake. Nikaitaka nafasi hiyo sana.

Sasa, kwa kuwa tajiri alitazama ndani, nilikata kila kitambaa kilichozidi, ndani pakawa safi kama nje. Mwenzangu, mtu mzima kunipita, aliacha pindo nene la vidole vinne kwenye kila yunifomu ya shule.

"Omera," akaniuliza, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo, "hiyo ni nguo ya kuvaa ama ya kupigia picha?"

"Afadhali yangu. Yako imevimba tumbo."

"Itajifungua. Ngoja."

Sikumwelewa. Muhula wa pili akaja mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, ameshika yunifomu ya binti yake niliyoshona Januari.

"Fundi, teremsha pindo. Mwalimu amemrudisha nyumbani, magoti yako nje."

Nikafumua. Ndani hakukuwa na kitu cha kuteremsha.

"Kwani ulifikiri mtoto wangu ni kiti," akasema, "atabaki vile vile?"

Niliunga kipande chini. Kiungo kilionekana kama barabara ya lami, lakini mtoto alirudi darasani.

Tangu hapo niliacha pindo, na kila mama nilimuuliza: mtoto anakua mbio? Baba yake ni mrefu? Lazima niseme haki: pindo lilikuwa akili ya mwenzangu. Yangu yalikuwa hayo maswali, na pengine mengine yalikuwa umbea tu. Lakini akina mama wakaanza kufika wakisema, "Yuko wapi yule wa kuuliza-uliza?" Kazi ikanijaa mpaka nikasahau kuchungulia uso wa tajiri.

Shule zilipofungwa Desemba, akasimama mbele yangu.

"Jumatatu cherehani yako inapanda lori la Migori. Panda nayo."

Roho ilinisuta. Nikamwambia pindo nimeiga kwa mwenzangu.

"Najua. Mimi nina macho," akasema. "Lakini wateja wanakuulizia wewe."

Mwenzangu hakuinua kichwa. "Nenda, omera. Nilikuwa nimechoka na kelele zako."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na busara. Nikauliza, "Kwa hivyo, bwana, kazi yangu ni nzuri?"

Tajiri akageuka kurudi dukani.

"Lori linaondoka saa mbili," akasema. "Usichelewe."