Kosa la Ukurasa wa Tisa

Katika jarida letu la mwezi ule, habari ya mkutano wa Newala niliiandika kwa mistari minne. Niliandika kwamba hadithi mbili zilikuwa mezani, moja ikasomwa, maswali yakaulizwa, wanachama wakanywa chai na kuagana. Kila neno lilikuwa kweli. Niliisoma mara sita kabla ya kutoa kopi, nikaondoa mkato mmoja, nikaurudisha. Sasa nataka kuandika yale ambayo mistari ile iliyaruka.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na wawili, tukijaa sana kumi na wanne, tunaopenda hadithi za sayansi: safari za angani, mashine zinazofikiri, dunia itakavyokuwa sisi tukiwa hatupo. Wengine tuko Masasi, wengine Newala, na mmoja hutoka Chidya kila akipata nafasi. Tunakutana mara moja kwa mwezi, mwezi huu huku, mwezi ujao kule. Masasi tunakaa nyuma ya steshenari ninayofanyia kazi. Newala tunakaa kwenye karakana ya mwenyekiti wetu, fundi wa redio na simu, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Jarida la kikundi nalichapa mimi. Shule niliishia kidato cha nne. Kuchapa nilijifundisha mwenyewe, na fizikia nilijifundisha kwa vitabu ambavyo watu walileta kutolewa kopi wakachelewa kuvifuata.

Tuna desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Mtu akiandika hadithi, haisomwi mkutanoni mpaka mwenzake aikague kwanza, aandike chini "Nimeipitia" na kutia sahihi. Siku ya kusoma, mwandishi hasomi. Anasoma mtu mwingine, na mwandishi anasimama mbele pamoja na mkaguzi wake, bega kwa bega, kama maharusi. Wakimaliza kusomewa, kila msikilizaji ana haki ya kurusha jiwe moja. Jiwe ni swali la kuivunja hadithi: chombo kile kilipata wapi mafuta, jua lile likizimika mimea ilikula nini. Hadithi ikivunjika, haiendi popote mpaka itengenezwe, na aibu wanagawana wawili.

Mkaguzi karibu wa kila hadithi nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Ni kwamba nilikuwa naona. Naona nafasi mbili zilizoachwa baada ya nukta. Naona safari iliyoanza na watu saba ikafika na wanane. Kwa miaka mitatu hakuna hadithi iliyobeba sahihi yangu ikavunjika, na nisiseme uongo, nililala na sifa hiyo kama mtu anavyolala na shuka.

Ila yangu mwenyewe sikuwahi kuitoa. Ilihusu ubongo wa mashine unaotawala kituo mbali kabisa, nje ya jua letu. Miaka mitatu niliiandika upya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umefika mara ya arobaini na kitu. Kisha redio moja ya huku kwetu ikakubali kusoma hadithi moja ya kikundi, Jumapili mchana. Moja tu. Fundi alipoleta habari hiyo nilijua ni yangu, hata kabla sijaimaliza. Niliimaliza kwa wiki mbili.

Wakati huohuo ndipo mwalimu alipoleta ya kwake.

Yeye ni mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, amepangiwa kufundisha Kitangari. Alikuwa ameingia kikundini miezi mitano tu. Ana miaka kama thelathini, anacheka kwa sauti, na ananiita mdogo wangu. Daftari lake alinikabidhi steshenari siku ya soko, akaomba radhi kwa mwandiko. Hadithi aliiandika kwa siku nne za likizo, alisema, wala hakuirudia. Nilitabasamu. Moyoni nilifurahi kwamba hakuirudia.

Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaishia kukaa sakafuni nyuma ya mashine ya kopi.

Ilikuwa hadithi ya kijiji kilichopo mwezini, juu ya mwinuko mkavu. Wanawake wanavaa mavazi ya kuwakinga, wanashuka kila siku kwenye shimo lenye kiza kukata barafu, wanapanda nayo kwenye ndoo. Foleni yao ina ugomvi wake, ina utani wake, ina mama mmoja anayeweka jiwe limshikie nafasi. Watoto wanaoga kwa kikombe kimoja, na maji yale yale yanamwagiwa mche.

Naomba mtu anielewe hapa. Nilizaliwa Newala. Kabla bomba halijafika mtaani kwetu nilishuka bondeni na bibi yangu kufuata maji, nikapanda na ndoo iliyonivujia hadi kwenye soksi. Yule mama wa jiwe nilimjua, alikuwa jirani yetu. Yote yale yalikuwa yangu, niliyabeba kichwani kwa miguu yangu, na mimi nikaenda kuandika ubongo wa mashine. Kisha mtu aliyekulia kando ya ziwa, aliyeikuta shida yetu ikiwa imebaki nusu, akaketi siku nne na kuyachukua. Nililia kwa hasira. Na nililia pia kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri, nami nilijua tofauti ya vilio hivyo viwili.

Ukurasa wa tisa nikaliona kosa.

Mama wa kwenye hadithi anatembea ukingoni mwa shimo. Redio ya kofia yake imekufa. Haoni kwamba ardhi mbele yake imemeguka. Binti yake, aliye nyuma kabisa, anapiga kelele: "Mama!" Na mama anasikia, anageuka, anapona. Hapo ndipo hadithi nzima inapoegemea. Lakini mwezini hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haina pa kupita. Redio ikishakufa, binti angepiga kelele mpaka koo lipasuke na mama asingesikia lolote. Ni jambo ambalo kikundini kwetu mtu hulijua wiki ya kwanza.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nilisahihisha tahajia ya ukurasa wa nane. Nilisahihisha ya ukurasa wa kumi. Ukurasa wa tisa niliuacha mweupe. Kisha nikaandika "Nimeipitia", nikatia sahihi.

Alipokuja kuchukua aliniuliza nimeionaje. Nilimwambia iko sawa. Alisubiri kidogo, kama mtu anayengoja chenji, akashukuru, akaenda zake.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, na redio ilitaka hadithi Jumatatu. Asubuhi ile Newala ilikuwa na ukungu na salfa wanayopulizia mikorosho ilinuka mpaka ndani ya karakana. Walikuja watu tisa. Mzee mmoja mkulima wa korosho kutoka Mnyambe, ambaye ndiye bingwa wetu wa mawe, alikuja amevaa koti la mvua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimepauka kama nimepuliziwa dawa.

Hadithi ya mwalimu ilipangwa kwanza, ya kwangu ya pili. Fundi aliisoma yeye mwenyewe. Tulisimama mbele, mimi na mwalimu, bega lake likigusa langu. Kwenye foleni ya ndoo watu walicheka. Mzee wa Mnyambe alimtania mwalimu kwamba watu wa ziwani wameanza kujifunza kiu wakiwa ukubwani. Ukurasa wa tisa ulipofika, hakuna aliyekohoa. Binti alipoita, mama mmoja muuza vitenge aliyekaa karibu na mlango alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

Nikawaza: hawakuliona. Nilihisi kitu ambacho hata leo sijui kukitenganisha, nusu ahueni na nusu chuki.

Fundi akauliza kama kuna mawe. Yalirushwa madogo mawili, mwalimu akayajibu akicheka. Kisha mzee akanyoosha mkono polepole, kama mtu ambaye hapendi anachokwenda kufanya.

"Mwalimu, mwanangu," alisema, "huko mwezini kuna hewa?"

"Hakuna, baba."

"Na redio ya huyu mama imekufa."

"Imekufa."

"Sasa alimsikiaje mtoto?"

Nilihisi bega la mwalimu likishuka. Fundi alirudi kwenye ukurasa, akausoma tena kimyakimya, akatikisa kichwa. Alisema kwa upole kwamba hadithi imevunjika, na kwamba kwa kuwa Jumatatu ni keshokutwa, basi itabidi waangalie ya pili.

Ya pili ilikuwa yangu. Nafasi ya redioni nilikuwa nimeipata. Sikuhitaji kusema neno.

Lakini mzee alikuwa hajaketi. Alinigeukia mimi, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemsamehe mtoto. "Na wewe bwana mkaguzi, leo umesinzia? Kosa kubwa kama hili? Au macho yamezeeka kabla ya mwenyewe?"

Watu wakacheka naye. Muuza vitenge alisema kila mtu huteleza. Fundi alisema hata mimi ni binadamu. Walikuwa wananihurumia. Nilihitaji kuinamisha kichwa tu, niseme nilipitiwa, na hadithi yangu ingesomwa hewani.

Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri iliyonifungua kinywa. Haikuwa dhamiri. Ni kwamba sikuweza kuvumilia watu tisa wafikiri sikuliona.

"Niliona," nikasema.

Fundi akauliza niliona nini.

"Kosa. Niliona siku ileile. Ukurasa wa tisa, mstari wa kumi na nne."

Kicheko kilikatika. Mzee aliketi. Alisema, bila ukali, kwamba kikundi hakina sheria ya jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Mwalimu hakunitazama. Aliondoa bega lake, hatua moja tu, akabaki amesimama peke yake akizikunja karatasi zake mara mbili.

Walijadili mbele yetu kana kwamba hatupo. Mwishowe Fundi alitoka nje kupiga simu redioni, akarudi na wiki moja ya nyongeza. Hadithi ya mwalimu itatengenezwa na ndiyo itakayokwenda. Ya kwangu haikusomwa siku ile. Hakuna aliyeikataa, ila hakuna aliyeitaja. Kuhusu kalamu nyekundu, niiweke chini mikutano mitatu.

Chai ililetwa. Nilitoka, nikasimama upande wa nyuma ambako Fundi anatupa maganda ya redio. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Mwalimu alinifuata akiwa na kikombe chake, akaniuliza swali moja tu: kwa nini. Nilianza kueleza habari ya ratiba na kazi nyingi steshenari, nikajisikia ninavyosema, nikaacha.

"Nilikuonea wivu," nikasema. "Ni hadithi nzuri. Nililia sakafuni."

Aliweka kikombe chake juu ya ganda moja la redio.

"Sasa mbona hukuniambia?" alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira zaidi ya nilivyotegemea. "Nilikuuliza. Nimesafiri kutoka Kitangari nakuuliza umeionaje, unaniambia iko sawa. Nikarudi nawaza ni takataka. Wewe ndiye ambaye kila mtu anasema ukisifu kitu kimesifika. Kosa ungeniachia, mdogo wangu, nisingejali. Ungeniambia tu kwamba ni nzuri."

Nilikuwa nimeliangalia kosa lile wiki mbili, nikihesabu nitapata nini na atapoteza nini, na hili, kwamba alikuwa akingoja sifa yangu, sikuliona kabisa. Mimi ninayeona nafasi mbili baada ya nukta.

Alikuja steshenari Alhamisi. Hakuwa na lazima ya kuja, Newala kuna sehemu za kuchapa. Alinipa karatasi moja mpya, ukurasa wa tisa, akavuta kiti akaketi mbele yangu. Alisema anajua sina ruhusa ya kukagua. Anataka msomaji, si mkaguzi.

Katika ukurasa mpya binti haiti. Anaitupa chini ndoo ya barafu, anashika jiwe, anapiga mwamba mtupu, tena na tena, kama wanawake wanavyotwanga kwa zamu. Mama anayahisi mapigo kwenye nyayo zake. Hasikii kitu. Anasimama tu, kwa sababu ardhi inamwambia kuna mtu nyuma yako.

Wivu ulikuja pale pale, moto uleule, haukuwa umepungua hata kidogo. Nilitamani mno kuwa mimi niliyeyaandika yale. Nimeukubali sasa, labda sitaishi siku bila huo. Nilimaliza, nikaanza tena juu, nikasoma mara ya pili ili nipate muda.

"Ni nzuri," nikamwambia. Maneno yalitoka kama jino. "Ni nzuri kuliko yangu."

Alinitazama kama anapima nasema kweli. Kisha akauliza kama ndivyo hivyo tu, hakuna kingine.

Nilimwonyesha sehemu mbili za kurekebisha kwenye aya ya tatu.