Nilivyokimbia na Bandama Langu

Harufu ya mafuta ya kafuri ikinipita puani, hata leo, ubavu wangu wa kushoto unashtuka kama mbuzi aliyeona kisu. Ni kwa sababu nikiwa na miaka kumi na tano niliamini, ndugu msomaji, tena ningekula kiapo mbele ya askofu, kwamba wakimbiaji wote wa klabu ya mtaa wetu wa Naviundu walikuwa wametolewa bandama.

Usinicheke upesi, maana ushahidi ulikuwepo. Siku moja mwalimu wetu wa Kifaransa alimwona Papa Kasongo, fundi cherehani na kapiteni wa klabu, akipita mbio mbele ya shule. Akasema, "Tazameni, anakimbia kama dératé!" Rafiki yangu Kabamba, aliyejua Kifaransa kuliko kamusi, akatufasiria palepale: "Rate ni bandama. Dératé ni muntu mwenye balimutosha bandama." Kwetu kutosha ni kuondoa. Basi tukaelewa: kile kitu kinachokuchoma chini ya mbavu ukikimbia, wakubwa hukiondoa, halafu wanakwenda bila breki. Papa Kasongo mwenyewe alikuwa na kovu tumboni, refu kama reli ya kwenda Likasi. Na ndani ya klabu alikuwemo Mama Ngoie, muuguzi wa zahanati. Nani mwingine angeshika kisu?

Kila Jumamosi nilifanya nao mazoezi, lakini nilihakikisha sikai karibu sana na Mama Ngoie.

Kisha yakaja mashindano ya nusu maratoni ya mashambani, kilometa ishirini na moja. Sheria yake ilikuwa moja: klabu inahesabiwa kwa watu watano, na muda wake ni muda wa yule wa tano kufika. Wakifika wanne, ni kana kwamba hamkuja kabisa. Wiki ileile mtu wetu wa tano, seremala, akateguka mguu. Papa Kasongo akanitazama toka utosini hadi vidoleni, kama anayepima suti.

"Weye njo wa tano," akasema.

Mchana wa siku iliyotangulia, Mama Ngoie akaniambia kwa upole, "Kesho uje mapema, nikutengeneze."

Nikarudi nyuma hatua mbili. "Hapana, Mama. Miye ntakimbia na yangu."

Akashusha macho kwenye raba zangu zilizochoka. "Basi kimbia na yako. Bora isikuminye tu."

Asubuhi yake tulisimama nje ya mji, upande wa Kasapa, katika ile baridi ya mwezi wa saba inayogandisha hata sauti ya jogoo. Mama Ngoie alinipaka kafuri miguuni, nami sikuondoa macho kwenye mikono yake. Kisu sikukiona. Nikasema moyoni, mama huyu ni muungwana, ameheshimu neno langu.

Klabu ya Golf, mtaa wa matajiri, walikuwa wamevaa viatu vya rangi za kasuku. Mmoja wao akatupigia kelele: "Ba Naviundu, munakuya kukimbia ao munatafuta mbuzi?"

Papa Kasongo hakugeuka. "Tulishaiona. Ilivaa viatu."

Tukaondoka. Barabara ilikuwa nyekundu, na vumbi lake lilitupaka mpaka meno. Kando yake vichuguu vilisimama virefu kuliko majumba ya Golf. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia manne ya makaa akatuangalia kwa huruma ya kweli: "Ni nani anabafukuza?" Na kila kijiji akina mama walitutia moyo, "Bado kidogo!" Kilometa ya sita, bado kidogo. Ya kumi, bado kidogo. Hicho kidogo chao kingetufikisha Kilwa yetu ya kule ziwani, tukaogelea na kurudi.

Kwenye kilometa ya kumi na tano bandama langu likawaka. Likavimba likawa ngoma, na ngoma ikaanza kupigwa kutoka ndani. Watatu wetu walikuwa mbele, hawaonekani tena. Mama Ngoie peke yake alibaki hatua mbili mbele yangu, mkono mmoja umebana kiuno. Nikadhani anashikilia kitenge kisidondoke. Niliwaonea wivu, wepesi wale, watupu ndani kama vibuyu. Lakini nikisimama, wanne wamekimbia bure.

"Mama, ninakufa."

"Utakufia pale kwenye kamba ya mwisho. Hapa hakuna mwenye atakubeba."

Papa Kasongo alikuwa na msemo wake: "Miguu inaanzaka, haya inamalizaka." Miguu yangu ilikuwa imekwisha. Haya, ile aibu ya kuwaangusha wenzangu, ikachukua kazi. Sikumbuki kilometa tatu za mwisho. Nakumbuka tu visigino vya Mama Ngoie, vikipanda na kushuka, nami nikivifuata kama kifaranga. Nikaivuka kamba ya mwisho. Mtu wa tano wa Golf alifika nikiwa nimemaliza ndoo nzima ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, au tuseme vikombe viwili. Papa Kasongo akanibeba mabegani huku akilia, mwanamume mzima, na vumbi likageuka tope mashavuni mwake.

Ile fahari ilinilisha miaka mingi. Niliwasimulia wakwe zangu kabla ya mahari. Niliwasimulia watoto wangu hadi wakaanza kukimbia nikifungua mdomo. Wengine walimaliza, ndiyo, lakini mwenye kumaliza na bandama lake nilikuwa mimi peke yangu duniani.

Nilipopata diploma yangu ya shule ya jioni, tulikula bukari, ugali wetu, uani Jumapili mchana, nikasimama kusimulia tena. Watu walicheka wakashika mbavu. Mama Ngoie, kichwa sasa cheupe, hakucheka. Alinisubiri nimalize, akaweka kikombe chini.

"Hakuna muntu mwenye balimutosha bandama," akasema. "Ile ni Kifaransa tu, ni kusema muntu anakimbia sana. Kovu ya Papa Kasongo ni ya apandisiti, ugonjwa wa kidole tumbo. Shiye bote tulikuwa na bandama, mwanangu. Na yangu ilianza kuuma mbele ya yako."