Ankara Iliyopigwa Pasi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mashuka yote ya hospitali ameyashona yeye. Siku hizi hospitali haipokei ankara za karatasi. Lazima uipige picha, uitume kwa simu, kompyuta iisome. Ya shangazi kila ikienda inarudi: "Maandishi hayasomeki."

"Lete nikutumie mimi," nikamwambia.

"Ishia hapo hapo! Mashuka nimeshona mwenyewe, na hii nitaituma mwenyewe."

Akaikodolea macho ile karatasi iliyokunjamana mkobani, akawasha pasi, akainyoosha taratibu kama kola ya bwana harusi. Akapiga picha, akatuma. Ujumbe ukaingia: "Imepokelewa."

Akanigeukia, pasi bado mkononi.

"Haya, vua na hilo shati lako. Unatuaibisha."